Carl Akeley, mtu aliyepanda Mikeno mara mbili

Kati yetu kuko wengi wenye kutamani kupanda milima ya Virunga na kulala kule juu ndani ya hema. Ni vizuri. Lakini mbele ya kufunga mzigo, tunapashwa kujua habari za mtu mmoja aliyefika kule mara mbili: mara ya kwanza kuua, mara ya pili kulinda.

Carl Akeley alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York, kule Marekani, mtoto wa mkulima. Shuleni hakukaa sana. Alijifunza kazi ya kutengeneza ngozi za nyama wa pori waliokufa, waonekane sawa wazima ndani ya majumba ya makumbusho. Juu ya kazi hiyo alikuja Afrika mara tano. Mwaka 1896, kule Somalia, chui alimrukia, naye akamuua kwa mikono mitupu. Mwaka 1910, kwenye mlima Kenya, tembo alimkanyaga, bado kidogo afe. Kwa hiyo hakuwa mtu wa woga.

Mwaka 1921 akaja kwetu kutafuta ngagi. Kupanda kule si mchezo: mianzi, matope, majani yenye kuwasha, mvua, na usiku baridi ya kutosha. Yeye na wenzake walipata ngagi watano. Mmoja alikuwa mtoto, amechomwa mkuki na waongozi wake. Akeley alipofika, yule mtoto alikuwa bado anapumua, akamtazama usoni kama mwenye kuomba msaada. Muzungu huyu aliyeshinda chui, hapo moyo ukamvunjika. Aliona kwamba yeye ndiye mkorofi, hapana ngagi. Watu walisema ngagi ni nyama mkali wa kula watu. Kumbe anakula majani na anatunza wana wake.

Tangu pale hakunyamaza. Aliwaomba wakubwa wa Ubelgiji wafunge ile milima, watu wasiwinde tena. Mfalme Albert alikuwa ameona parke za Marekani mwaka 1919, akakubali. Tarehe 21 Aprili 1925 parke ikaanzishwa, ya kwanza katika Afrika. Iliitwa Parke Albert. Tangu 1969 inaitwa Virunga. Lakini tuseme kweli yote: wenyeji waliolima na kuwinda pale hawakuulizwa, na maneno ya mipaka hayajaisha.

Mwaka 1926 Akeley akarudi na bibi yake, Mary Jobe. Alikuwa na miaka 62, tena mgonjwa. Angeweza kubaki chini. Yeye akaendelea kupanda mpaka Kabara, kati ya Mikeno yenye metre 4,437 na Karisimbi yenye metre 4,507. Siku chache baada ya kufika, tarehe 17 Novemba, akafa ndani ya kambi. Wakamzika palepale. Bibi yake hakukimbia. Alibaki na wenzake wakamaliza kazi.

Basi, ndugu na dada, tujifunze nini? Kwanza, mlima haujui jina la mtu: mwenye kuwa mgonjwa asifiche, aseme kwa wenzake. Pili, wale waliobeba mahema, chakula na baadaye mgonjwa mwenyewe, walikuwa watu wa hapa, na majina yao hatuyasikii. Tukipanda, tumsalimie mchukuzi na mlinzi wa parke kwa jina lake. Tatu, Akeley alikuwa na miaka 57 alipotambua kosa lake, na hakuona haya kugeuka. Sisi wenye miaka kumi na nane tunangoja nini?

Mkubwa wenu wa wanafunzi, mwaka wa sita