Biasone, aliyeiokoa NBA kwa sekunde 24

NI mashabiki wachache wa mpira wa kikapu wanaomkumbuka Danny Biasone, mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani akiwa mtoto na baadaye kumiliki ukumbi wa boling mjini Syracuse, New York.

Mwaka 1946 aliunda timu ya Syracuse Nationals, iliyoingia NBA mwaka 1949. Enzi hizo, timu iliyotangulia kwa pointi ilikumbatia mpira ili kupoteza muda, jambo lililowachosha watazamaji. Novemba 22, 1950, Fort Wayne Pistons iliifunga Minneapolis Lakers 19-18.

Akisaidiana na meneja wake, Leo Ferris, Biasone alipiga hesabu: dakika 48 ni sekunde 2,880, mchezo mzuri una mitupo 120, hivyo kila mtupo upewe sekunde 24. Kanuni hiyo ilianza msimu wa 1954/55. Wastani wa pointi za kila timu ulipanda kutoka 79 hadi 93, na Nationals wakatwaa ubingwa.

Lakini ligi aliyoinusuru ilikua kuliko mji wake. Mwaka 1963 aliiuza timu, ikahamia Philadelphia na kuitwa 76ers. Alifariki dunia mwaka 1992.