Siti binti Saad (1880–1950)

Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watu wa chini, akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa ukubwani. Hakusoma shule, aliuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba taarabu, ambayo wakati huo iliimbwa zaidi kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, akieleza dhuluma walizotendewa wanyonge, hasa wanawake. Mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay, India.

Mwanafunzi, ukiulizwa kwa nini Siti ni shujaa, usiishie kutaja sauti yake nzuri. Eleza kwamba aliyedharauliwa tangu kuzaliwa aliwawezesha wanyonge wenzake kusikia habari zao zikiimbwa kwa lugha yao.