Mwalimu wa sekondari aliyewapima nyuki akili

Sisi wa Elimu tunaambiwa sana kwamba ukishapangiwa shule ya sekondari, utafiti ndiyo basi tena. Utafiti ni wa wanaobaki chuoni, wenye maabara na bajeti. Sasa naomba niwasimulie habari za mwalimu mmoja aliyekaa sekondari miaka 14, akifanya utafiti muda wote huo.

Charles Henry Turner alizaliwa Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani, Februari 1867, mwaka mmoja na kidogo tu baada ya utumwa kupigwa marufuku nchi nzima. Baba yake alikuwa mtunza kanisa, mtu wa vitabu kwelikweli. Kijana akasoma Chuo Kikuu cha Cincinnati: shahada ya kwanza 1891, uzamili 1892. Mwaka huohuo wa 1892 alichapisha makala kuhusu buibui, akionyesha kwamba mdudu huyo hajengi utando kama mashine, bali anaurekebisha kulingana na mahali alipo. Baadaye akafundisha Chuo cha Clark huko Atlanta, na 1907 akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Chicago, akiwa na miaka 40. Tasnifu yake ilihusu jinsi sisimizi wanavyorudi nyumbani.

Hapo ungetegemea aitwe na chuo kikuu kikubwa. Hakuitwa. Alikuwa mtu mweusi katika Marekani ya wakati ule, na nadhani hapo hakuna haja ya maelezo marefu. Mwaka 1908 akaanza kazi Sumner High School, St. Louis, shule ya watoto weusi, maana shule za huko zilitenganishwa kwa rangi.

Kinachonivutia ni vifaa vyake. Wasomi wengi wa enzi zake waliamini mdudu ni kitu cha kusukumwa tu na mwanga, harufu au joto, kwamba hakuna anachojifunza. Turner akataka kuwajaribu wadudu wenyewe. Kwa sisimizi alitengeneza jukwaa dogo la kadibodi lenye njia ya kuteremkia, kisha akawa anabadilisha njia na kuhamisha taa ili aone wanafuata nini. Akakuta hawategemei harufu peke yake. Mwanga nao unawaongoza, na njia wanajifunza.

Kwa wale nyuki wanaochimba mashimo ardhini, alitumia kifuniko cha chupa ya Coca-Cola. Ndiyo, kizibo cha soda! Kilikuwa karibu na mlango wa shimo. Alipokihamishia kwenye shimo jingine, nyuki akaingia shimo hilo jingine. Yaani nyuki alikuwa amekariri alama za mtaani kwake, kama sisi tunavyomwelekeza mgeni kwa kumtajia mwembe na duka la pembeni.

Mwaka 1910, katika bustani ya O'Fallon hapohapo St. Louis, aliwazoesha nyuki kupata asali kwenye visahani vyekundu, halafu akaweka vya buluu. Nyuki wakang'ang'ania vyekundu. Mtu mwingine angetangaza ushindi. Yeye aliandika kwamba huenda nyuki wanatofautisha weusi na mwanga tu, si rangi yenyewe. Na alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu, maana leo tunajua nyuki hawaioni nyekundu kama tunavyoiona sisi. Miaka michache baadaye Karl von Frisch alilimaliza suala hilo kwa kuchanganya kadi za buluu na za kijivu, na 1973 akapata tuzo ya Nobel kwa kazi zake za tabia za wanyama.

Mwaka 1912 Turner akahamia kwa mende. Mende hupenda giza, kila aliyelala hosteli anajua. Akawa anawapiga shoti kidogo ya umeme kila wakiingia upande wenye giza, mpaka wakajifunza kulikwepa. Kwa hiyo hata kile kilichoitwa silika kinaweza kupindwa na uzoefu.

Maishani mwake aliandika makala zaidi ya 70. Lakini sipendi habari zake zinapogeuzwa fimbo ya kutuchapia, eti kama Turner aliweza na kadibodi, nyinyi mnalalamika nini. Kwenye TP tumeona siku ya shule inavyommeza mtu: vipindi, zamu, rundo la madaftari. Turner hakuchagua kukosa maabara, alinyimwa. Maswali ambayo angeyafuata kama angekuwa na wanafunzi wa uzamivu na muda wake mwenyewe, hayo yamepotea na hakuna wa kuyarudisha.

Alistaafu 1922 akiwa mgonjwa. Akafariki Chicago tarehe 14 Februari 1923, akiwa na miaka 56, nyumbani kwa mwanawe. Mtoto huyo alikuwa amempa jina la Darwin.