Maisha ya Gustaf de Laval, mtu wa mashini ya maziwa

Mara hii tunawaletea habari za Gustaf de Laval.

Alizaliwa mwaka 1845 kule Orsa, inchi ya Uswidi. Mwaka 1866 alipata diploma ya uenjinia, lakini kazi ikakosekana, akawa karani tu katika kampuni ya madini. Hakukata tamaa. Alirudia masomo Uppsala, na mwaka 1872 akawa daktari wa kemia.

Wakati ule watu waliacha maziwa katika vyombo saa nyingi, mpaka mafuta yapande juu yenyewe. Mwaka 1877 de Laval akasoma katika gazeti la Kijerumani habari za mashini ya kuzungusha maziwa. Mwaka 1878 yake ilikuwa tayari, nayo ilifanya kazi bila kusimama. Chombo kinazunguka mbio sana. Uchafu, kwa kuwa ni mzito kupita maziwa, unatupwa pembeni na kushikamana na ukuta. Mafuta, ambayo ni mepesi, yanabaki katikati na kutoka kwa njia yake. Lakini tusidanganyike: uchafu unaondoka, vijidudu vingi vinabaki. Kuchemsha ni lazima.

Na feza? Utafiti unakula feza, na yeye hakuwa nazo. Mfanyabiashara Oscar Lamm ndiye aliweka zake, na mwaka 1883 wakaanzisha kampuni AB Separator. Mashini zikauzwa inchi nyingi. Mwaka 1889 kampuni ilinunua pia wazo la Mjerumani Clemens von Bechtolsheim, la kupanga visahani ndani ya chombo, na kazi ikaendelea vizuri zaidi.

De Laval akatajirika. Kumbe, kila faida aliitia katika mawazo mapya: turbini ya mvuke, mashini ya kukamua na mengine mengi. Turbini ilifaulu, mengi mengine yalikula feza bure. Alipokufa Stockholm, tarehe 2 Februari 1913, aliacha madeni. Kampuni yenyewe ilibaki hai.

Sisi wa mwaka wa mwisho tulibishana sana: alikuwa mjinga? Hapana. Bila feza ya Lamm, akili yake ingebaki kwenye karatasi. Na bila hesabu, akili ileile ikamfilisi. Njo maana tunawaambia wadogo zetu: mupende kemia, lakini musidharau daftari ya hesabu. Na ukimaliza shule ukakosa kazi, kumbuka yule karani.