Msiri wa Bunkeya: Aliona Nini Mwaka 1891?

Wanafunzi wenzetu, tukijifunza historia ya Katanga wengi wanasema mbio-mbio kwamba Msiri alikosa akili. Sisi wa darasa la sita hatukubali. Mwenye kusema vile anajua mwisho wa habari, Msiri hakuujua.

Msiri alizaliwa upande wa Tabora, karibu ya mwaka 1830. Baba yake Kalasa alikuwa anakuja Katanga kununua shaba. Mtoto akafuata njia ile ile, lakini yeye akabaki. Kwa bunduki na kwa ndoa nyingi akajenga ufalme wa Garenganze, na mji wake Bunkeya. Aliuza shaba, chumvi, pembe za tembo, na watu pia, hiyo hatuifichi.

Mwaka 1886 akampokea misionari Arnot. Mzungu wa namna ile, asiye na askari, Msiri alimuona mgeni tu.

Mwezi wa Novemba 1890 akafika Mwingereza Alfred Sharpe na karatasi ya mkataba. Msiri akakataa. Hapa ndipo watu wanamhukumu: eti angetia sahihi, angepona! Lakini Lewanika, mfalme wa Walozi, alitia sahihi kwa kampuni ya Waingereza mwaka ule ule, na kisha akaona amedanganywa. Tena tangu 1885 Léopold alikuwa amekwisha kuhesabu Katanga kuwa yake juu ya karata ya Ulaya. Karata ile nani alimuonyesha Msiri?

Mwaka 1891 mambo yakaharibika. Wasanga wakaasi, njaa ikaingia, askari wa Léopold wakajenga kituo Lofoi. Msiri akageuka, akaandikisha barua ya kumwita Sharpe arudi. Barua ikaanguka njiani mikononi mwa Stairs, aliyekuwa anakuja kwa ajili ya Léopold.

Stairs akafika Bunkeya tarehe 14 Desemba, akasimamisha bendera bila ruhusa. Msiri akaondoka usiku, akaenda Munema. Tarehe 20 Bodson akatumwa kumleta. Wakabishana, Bodson akampiga risasi, Msiri akafa pale pale. Bodson naye akapigwa, akafa.

Mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, akarithi kiti na kukubali bendera. Stairs hakufika kwao: homa ilimuua Chinde, Juni 1892.