Daktari Ward na kangaga ya kwenye chupa

PITA kwenye vitalu vya maua kando ya barabara za miji yetu na mara nyingi utaikuta kangaga, ule mmea wa majani yaliyochanika kama manyoya, ikining'inia kivulini. Mteja huipenda kwa sababu hupendeza sebuleni hata bila kutoa ua. Lakini baada ya wiki chache baadhi ya wateja hurudi wakilalamika kuwa mmea umekauka ncha za majani na kupukutika, ingawa walikuwa wakiumwagilia maji kila siku.

Malalamiko hayo si mapya. Karibu miaka 200 iliyopita yalimsumbua daktari mmoja wa London aliyeitwa Nathaniel Bagshaw Ward. Jibu alilolipata liliokoa kangaga zake, na pia likabadili biashara ya miche duniani.

Ward alizaliwa London mwaka 1791, na baba yake alikuwa daktari. Akiwa kijana wa miaka 13 alipelekwa kwa meli hadi Jamaika, na huko uoto wa nchi ya joto ulimteka moyo. Aliporudi alisomea udaktari na kurithi kazi ya baba yake katika mtaa wa Wellclose Square, mashariki mwa London, karibu na bandari. Mchana alitibu wagonjwa, na muda uliobaki aliutumia kwa mimea.

Tatizo lake lilikuwa mtaa wenyewe. London ya wakati huo iliendeshwa kwa makaa ya mawe. Viwanda na majiko ya nyumbani vilitoa moshi mchana na usiku, na masizi yaliangukia kila kitu. Nyuma ya nyumba yake Ward alijenga ukuta wa mawe, akapitisha maji juu yake na kupanda kangaga na kuvumwani. Mimea ilidhoofika, na mwishowe yote ikafa. Alipanda tena, hali ikawa ile ile, mpaka akakaribia kukata tamaa.

Chupa ya nondo

Mwaka 1829 Ward alikuwa akifanya jaribio lisilohusu kangaga kabisa. Alifukia pupa wa nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya kioo, akaifunika, kisha akawa anaichungulia kila siku. Aliona kwamba mchana maji yalipanda kutoka kwenye udongo kama mvuke, yakaganda kwenye kioo, kisha yakateremka tena udongoni. Udongo haukukauka.

Kabla nondo hajatoka, kangaga ndogo na jani la nyasi vilichipua juu ya udongo ule. Ward alishangaa. Mmea uliokataa kuishi nje kwenye ukuta aliougharamia ulikuwa unastawi wenyewe ndani ya chupa.

Aliiweka chupa nje ya dirisha la chumba chake na kuiacha. Mimea ile iliishi karibu miaka minne bila kumwagiwa maji hata mara moja. Ilikufa alipokuwa safarini, baada ya kifuniko kuliwa na kutu na maji ya mvua kuingia na kuiozesha.

Hapo daktari akapata somo lake. Kilichoua kangaga zake hakikuwa uchache wa maji kwenye mizizi. Ilikuwa hewa chafu na kavu iliyozunguka majani. Kangaga huhitaji unyevu hewani kama inavyouhitaji udongoni.

Safari ya Australia

Wakati huo wafanyabiashara wa mimea walikuwa wakipata hasara kubwa. Miche iliyosafirishwa kwa meli kwa miezi mingi ilichomwa na jua, ikapigwa na maji ya chumvi au ikanyimwa maji ya kunywa pale mabaharia walipopungukiwa. George Loddiges, mwenye kitalu kikubwa eneo la Hackney, alikuwa akipoteza miche 19 katika kila 20.

Ward aliagiza masanduku ya mbao yenye paa la kioo, yaliyofungwa vizuri. Mwaka 1833 alijaza mawili kangaga, kuvumwani na nyasi, akayapeleka Australia kwa meli. Mimea ilifika ikiwa hai. Masanduku yakajazwa mimea ya Australia na kuanza safari ya kurudi mwezi Februari 1834. Meli ilipita kwenye theluji kusini mwa Amerika na kwenye joto kali la ikweta, safari ya miezi minane, bila mtu kumwagilia. Ward na Loddiges walipopanda melini kuikagua, waliikuta mimea ikiwa na afya, pamoja na kangaga laini ya Australia ambayo kabla ya hapo haikuwahi kufika Uingereza ikiwa hai.

Loddiges aliyatumia masanduku hayo katika biashara yake, na hesabu ikageuka: katika kila miche 20, sasa 19 ilifika salama. Baadaye masanduku ya namna hiyo yalibeba maelfu ya miche ya chai kutoka China kwenda India, kazi iliyofanywa na Robert Fortune katikati ya karne ya 19. Mwaka 1876 miche ya mpira ipatayo 1,900, iliyooteshwa London kwa mbegu za Brazil, ilipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, katika masanduku 38.

Wenye mashamba makubwa walitajirika, na Brazil ikapoteza soko la mpira. Ward hakusajili haki ya uvumbuzi wake. Alieleza kila kitu katika kitabu alichokitoa mwaka 1842, na aliyetaka sanduku alijitengenezea. Alipofariki mwaka 1868 alikuwa mtu wa kuheshimika miongoni mwa wanasayansi, lakini sanduku lenyewe halikumpa utajiri.

Uvumbuzi wake ulikuwa na madhara pia. Kangaga zikawa fasheni Uingereza, na watu wakazing'oa porini mpaka baadhi ya aina zikawa adimu. Udongo uliosafiri ndani ya masanduku ulibeba wadudu na magonjwa. Ndiyo maana siku hizi miche inayovuka mpaka hukaguliwa na kutakiwa cheti.

Tunachojifunza

Kwa anayeuza au kutunza kangaga, somo la Ward ni la kutumia leo. Weka chungu mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua lisipochoma moja kwa moja. Usikiweke mbele ya feni au kiyoyozi, wala karibu na moshi wa jiko. Gusa udongo kwa kidole: ukianza kukauka juu, mwagilia. Chungu kiwe na matundu, kwani maji yakituama mizizi huoza.

Ncha za majani zikikauka wakati udongo una unyevu, tatizo ni hewa. Weka chungu juu ya sahani yenye kokoto na maji kidogo, maji yasifikie kitako cha chungu. Kuweka mimea kadhaa pamoja pia husaidia.

Anayetaka kuuza kangaga ndogo ndani ya chupa aanze na tabaka la kokoto, kisha mkaa uliopondwa, kisha udongo wenye mboji. Nyunyiza maji kidogo na ufunge. Kioo kikijaa ukungu kutwa nzima, fungua kwa saa chache. Chupa iliyofungwa isikae juani, mmea utaiva.

Na anayesafirisha miche kwenye gari la wazi aifunike, maana upepo wa safari hukausha majani hata kama udongo umelowa. Pia oteshe miche yake mwenyewe kwa kugawa mashina yaliyojaza chungu, badala ya kung'oa msituni.