Jeanne Villepreux-Power: Mshonaji wa nguo aliyetuachia tangi la samaki

Ukimtia samaki ndani ya ndoo, mwanzoni atazunguka vizuri tu. Baadaye anaanza kupanda juu kutafuta hewa, na asubuhi unamkuta anaelea, amekufa. Wengi wetu tulilijaribu hilo utotoni. Hata wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni wanaijua hasira hiyo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyehangaika na tatizo hilo karibu miaka 200 iliyopita, bila umeme wala pampu ya hewa.

Jeanne Villepreux alizaliwa mwaka 1794 kijijini Juillac, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi viatu. Akiwa na miaka 18 alikwenda Paris kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 400, akapata kazi ya ushonaji. Mwaka 1816 alidarizi gauni la harusi la binti wa kifalme, na jina lake likaanza kujulikana. Mwaka 1818 aliolewa na mfanyabiashara James Power, wakaishi Messina, katika kisiwa cha Sicily, Italia.

Sayansi hakufundishwa darasani. Alijisomea, akakizunguka kisiwa kile akikusanya mimea, wadudu na viumbe wa baharini. Huko akakutana na fumbo lililowashinda wataalamu.

Kuna aina ya pweza anayeitwa agonauta. Jike lake hukaa ndani ya gamba jeupe, jembamba kama karatasi. Je, gamba hilo hulitengeneza mwenyewe? Au huliiba kwa kiumbe mwingine, kama wale kaa wanaohamia kwenye gamba tupu la konokono? Kumchunguza pweza aliyekufa hakukutoa jibu. Alitakiwa aliye hai, na atazamwe siku nyingi.

Ugumu ulikuwa hapo. Maji yaliyotuama huishiwa hewa upesi. Kinyesi na mabaki ya chakula huoza na kugeuka sumu. Ukiwanyima chakula wanakufa, ukizidisha maji yanaharibika.

Kuanzia mwaka 1832 Jeanne alibuni matangi ya aina tatu. La kwanza lilikuwa la kioo, la kuweka ndani ya nyumba. La pili lilikuwa la kioo pia, lakini limewekwa ndani ya kizimba ili liweze kuzamishwa baharini na kuinuliwa tena. La tatu lilikuwa kizimba kikubwa kilichotiwa nanga baharini, maji yakipita humo yenyewe.

Kisha akatoboa magamba ya pweza wake na kusubiri. Pweza wakayaziba matundu wenyewe. Aliwafuatilia pia tangu wakiwa mayai, akaona kwamba makinda hutoka bila gamba na hulijenga baadaye. Mwaka 1839 matokeo yake yalifikishwa mbele ya wanasayansi wa London kupitia mtaalamu Richard Owen. Fumbo likawa limefumbuliwa.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepata pigo. Meli iliyobeba sehemu kubwa ya makusanyo na maandishi yake ilizama. Baada ya kuondoka Sicily hakuendelea tena na utafiti wa namna ile. Alifariki mwaka 1871 kijijini kwao Juillac. Jina lake likafifia kwa miaka mingi, hadi mwaka 1997 lilipopewa shimo moja kubwa kwenye sayari ya Zuhura.

Jambo moja linatugusa sisi moja kwa moja. Jeanne alipendekeza pia kwamba mito iliyopungukiwa samaki irudishiwe kwa kufuga samaki wachanga ndani ya vizimba. Leo ukipita Ziwa Victoria unaona vizimba vya sato vikielea. Na samaki wadogo wenye rangi kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wanafugwa kwenye matangi ya kioo nchi za mbali. Anayewafuga, huko au hapa kwetu, bado anaanza na swali lile lile la Jeanne: maji haya yana hewa ya kutosha, na ni masafi?